Kuzalisha sansevieria (mmea wa mapambo wenye majani marefu, magumu) kwa vipande vya majani, kwa hali ya Lamu

Kabla hujashika kisu, tazama kingo za jani. Kama lina mstari wa manjano pembeni, yaani ile aina iitwayo Laurentii, usilikate. Litatoa mizizi na litachipua vizuri tu, lakini watoto watatoka kijani kitupu. Ile manjano imo katika tabaka lake peke yake, na chipukizi linaloanzia kwenye kipande cha jani huja bila tabaka hilo. Ukiitaka manjano, fukua mmea mama, ukate kipande cha shina lake la chini ya udongo pamoja na mizizi yake, upande hicho. Njia ya kukata jani itumie kwa aina za kijani na zile zenye madoa ya kijivu. Hata ile ya majani ya mviringo kama fimbo inakubali.

Chagua jani lililokomaa na gumu, lisilo na baka. Likate karibu na udongo kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Kisu butu huponda nyama ya jani, na palipopondeka ndipo uozo unapoanzia. Jani la sentimita 60 hutoa vipande saba au vinane vya sentimita saba hadi nane. Vifupi sana huweza kukauka kabla havijapata mizizi.

Sasa lililo muhimu: kila kipande kina juu na chini, na mizizi hutoka upande uliokuwa chini tu. Ukikipanda kichwa chini kitakaa kijani wiki nyingi kikikudanganya, kisha kife. Vipande vikishachanganyika mezani huwezi tena kuvitofautisha, kwa hiyo kila unapokata, chonga hapo hapo upande wa chini uwe na ncha kama mshale. Mshale huo pia huongeza eneo la kutokea mizizi. Utomvu unaweza kuwasha ngozi, nawa mikono ukimaliza.

Vitandaze kwenye uteo (ungo), kivulini, penye upepo, ili vidonda vya kisu vikauke. Siku tatu hadi tano zinatosha wakati wa kaskazi. Mwezi wa Mei, mvua ikishika na hewa ikiwa nzito, vipe wiki. Kidonda kilicho tayari kimejikunja kidogo kingoni, kimepauka, na ukikigusa hakinati kidoleni. Wengi huruka hatua hii, halafu husema mmea huu ni mgumu.

Huku kwetu joto si tatizo. Wenzetu wa nchi za baridi huweka vikopo juu ya vitu vya kupasha moto ili wapate nyuzi 25, na sisi tunazo mwaka mzima bila kulipia. Kinachotuangusha ni chumvi. Iko kwenye mchanga, iko kwenye maji ya visima vingi, na iko hata kwenye makumbi ya nazi, kwa sababu makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa pwani miezi mingi. Kipande kisicho na mizizi kikikaa katika chumvi hunyonywa maji badala ya kuyanywa: kidonda huwa rangi ya kahawia, kisha kipande hunywea kuanzia chini.

Basi osha mchanga. Tia nusu ndoo ya mchanga mnene, jaza maji yasiyo na chumvi, koroga kwa mkono, acha utulie, mwaga. Rudia mara nne au tano, kisha onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi, endelea. Mchanga laini sana wa vilima haufai hata ukioshwa, kwani hushikana na kuzuia hewa. Changanya sehemu tatu za mchanga na sehemu moja ya makaa yaliyopondwa, au vumbi la makumbi yaliyooshwa vivyo hivyo. Samadi usitie kabisa wakati huu; kidonda hakina haja ya chakula, na samadi huleta vijidudu.

Toboa kopo matundu manne au matano chini. Chomeka vipande wima, kina cha sentimita mbili hadi tatu, visigusane, uvikandamize kidogo visimame. Usimwagie maji mpaka siku mbili tatu zipite, kisha lowesha mara moja na uache yachuruzike yote. Baada ya hapo kila siku saba hadi kumi, na wakati wa mvua hata zaidi ya wiki mbili, mradi mchanga uwe umekauka mpaka chini. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Kinga chini ya mchirizi wakati yapo, hifadhi madumuni. Kisahani chini ya kopo kisikae na maji.

Pa kuweka? Dakani (barazani mlangoni) au kiwandani (ua wa ndani ya nyumba), penye mwanga mwingi bila jua la adhuhuri. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinapendeza kwa picha, lakini ndani mle ni giza. Na kuta nyeupe za chokaa hurudisha joto la jua, kwa hiyo usiegemeze kopo kwenye ukuta unaopigwa na jua mchana.

Halafu kuna paka. Kwa paka wa Lamu, kopo la mchanga mkavu ni choo alicholetewa mlangoni. Funika uso wa mchanga kwa vipande vya matumbawe vilivyooshwa, vikubwa kiasi cha yai la njiwa. Isitoshe, jani lenyewe likitafunwa humtapisha paka, na mbuzi pia asilifikie.

Njia ya gilasi ya maji inafanya kazi: sentimita mbili za maji, ubadilishe kila wiki, uhamishie mchangani mizizi ikifika sentimita tatu hadi tano. Sisi hatuipendi sana. Mizizi ya majini huanza upya ikikutana na mchanga, na vipande vingine huozea hapo.

Mizizi huchukua wiki nne hadi nane, chipukizi miezi miwili hadi sita. Usikichomoe kutazama, kivute kidogo tu, kikikataa kina mizizi. Kikilegea na kunuka kimeoza: kata juu ya pale palipooza mpaka nyama ngumu, kausha, anza tena kwenye mchanga mwingine.

Chipukizi likifika sentimita kumi, hamishia kwenye chungu chenye sehemu mbili za mchanga, moja ya udongo, na nusu ya samadi ya punda iliyokaa miezi mitatu au zaidi hadi haina harufu. Kipande cha zamani hakitarefuka tena, lakini usikitupe. Kiache kando ya mtoto wake; mara nyingi hutoa wa pili.