Kabla hujauza shamba la parachichi uende Australia

Jumapili natoka kanisani naangalia simu, nakuta voisi noti ya dakika nne kutoka kwa binamu yangu wa Tukuyu. Anaongea kwa kasi kama konda wa basi la Kyela. Dada kuna jamaa hapa Mwanjelwa, Mbeya, anapeleka watu Australia kuchuma matunda, anachukua familia nzima, mke na watoto wote, anataka milioni nane, nusu sasa nusu visa ikitoka, na mteja wa shamba nimeshapata anakuja kesho na hela, we unasemaje? Shamba lenyewe la parachichi aina ya Hass, miti ndo kwanza imeanza kuzaa. Nikampigia palepale nje ya kanisa nikamwambia usisaini kitu.

Tuliongea mpaka vocha ikaisha mara mbili. Na kwa kuwa yeye si wa kwanza, mwezi uliopita kulikuwa na shemeji wa Mafinga, kabla yake mwalimu mmoja wa Makambako, naandika hapa ili atakayefuata nimtumie linki tu. Mi na mume wangu tulikaa Brisbane miaka miwili na watoto wawili, yeye anasoma masters mi nafanya kazi, halafu tukarudi zetu Uyole. Sio mwanasheria. Nasema niliyopitia na ninayoendelea kuyafuatilia kwa sababu watu hawaachi kuniuliza.

Kazi ya kuchuma matunda kule ipo kweli, hapo jamaa hajadanganya. Ila mpango wa serikali yao wa kuleta wachumaji unaitwa PALM na ni wa nchi tisa za visiwa vya Pasifiki pamoja na Timor-Leste, yaani watu wa Tonga, Samoa, Vanuatu na wenzao. Mnyakyusa hayumo, hata awe anaijua parachichi kuliko dunia nzima. Ile visa ya vijana ya kutalii huku unafanya vibarua, Tanzania haimo. Bahati nasibu ya visa kama ile ya Marekani nayo kwa Mtanzania hakuna.

Kilichonichekesha ni kwamba jamaa alimwonyesha binamu picha ya pasi ya "mteja wake" ina stika inang'aa na kangaruu juu. Australia waliacha kubandika visa kwenye pasi tangu Septemba 2015! Visa yao ni rekodi kwenye kompyuta, wewe unatumiwa barua kwa imeili, na unaihakiki mwenyewe bure kwenye mfumo wao unaitwa VEVO. Ukionyeshwa stika, kunywa chai yako uondoke.

Wakala wa uhamiaji anayefanyia kazi Australia kwenyewe lazima awe amesajiliwa na ana namba ya tarakimu saba, unaingia kwenye rejista ya OMARA, ofisi yao inayosajili mawakala hao, unatafuta jina lake. Huyu wa Mwanjelwa sheria ile haimfikii, ndo maana wewe uwe mkali zaidi. Na hata ukimtumia mtu, akaunti ya maombi, ile ImmiAccount, iwe na imeili yako na paswedi unayo wewe, maana tumeona watu wanajaziwa fomu za uongo hawajui, na uongo ukigundulika anayefungiwa mlango ni mwombaji, ajenti anahamia mtaa mwingine. Kuna wengine pia watakwambia nenda na visa ya kutembea, utabadilisha hukohuko uwe mwanafunzi. Tangu 1 Julai 2024 hiyo haiwezekani, mwenye visa ya kutembelea haruhusiwi kuomba ya mwanafunzi akiwa ndani ya nchi.

Njia za kweli kwa watu wetu ni chache. Kusoma, au ujuzi (nesi, injinia, fundi) ambapo mara nyingi unahesabiwa pointi na umri uwe chini ya 45, au mwajiri wa kule akudhamini, au una mwenza tayari yuko kule. Mi nitaongelea ya kusoma, inaitwa visa 500, kwa sababu ndo niliyoingia nayo kama mke wa mwanafunzi.

Sasa hapa ndo nilitaka tufike. Neno familia. Sisi tukisema familia tunamaanisha mama mkwe, mdogo wangu anayesoma hapa, mtoto wa marehemu dada, na yule binti wa kijijini aliyekuja likizo akabaki. Wao kwenye visa ya mwanafunzi wanamaanisha mwenza mmoja na watoto wenu ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajafika miaka 18. Basi. Mama mkwe hayumo. Wadogo zako hawamo. Mke wa pili hayumo.

Mi nina binti ambaye sikumzaa. Dada yangu alifariki mtoto ana miaka mitatu, nikamchukua, ananiita mama, shuleni ameandikishwa kwa jina la mume wangu, mtaa mzima unajua ni wa kwangu. Tunajaza fomu nafika kwenye sehemu ya watoto naandika watatu, natafuta hati, sina. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la dada. Amri ya mahakama ya kumuasili hatukuwahi kuomba, nani huku anaenda mahakamani kuomba mtoto wa dada yake? Tukauliza, ni mpaka ustawi wa jamii waje wakukague, faili liende mahakamani, na chuo kinaanza baada ya miezi minne. Alibaki kwa bibi yake. Brisbane iko mbele saa saba, kwa hiyo akimaliza homuwek zake saa moja jioni anapiga, kwangu ni saa nane ya usiku, na nilikuwa napokea, zamu ya asubuhi ikawa ni ya kusinzia tu.

Kwa hiyo kama unalea mtoto wa ndugu na una ndoto hizi hata za miaka mitano mbele, anza na mahakama sasa hivi, kabla ya pasi, kabla ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kabla ya chochote.

Na uwaorodheshe wanafamilia wote kwenye maombi hata kama hawasafiri na wewe siku hiyo. Kuna kijana wa Njombe tulikuwa naye kule, aliambiwa na ajenti wake aandike yuko singo ili visa itoke haraka, ikatoka kweli, halafu akataka mke amfuate. Wakamuuliza mke gani? Ukiwa hujamtaja mtu mwanzoni, kumleta baadaye kama mwanafamilia wa mwanafunzi kunagoma. Alikuwa anakula wali mkavu peke yake anaangalia video za mtoto wake anaanza kutembea.

Ndoa. Wengi wetu mahari ililipwa, ng'ombe walifika, wazee walikula, cheti hakuna. Kama mlifunga Moravian au KKKT kifukue hicho cheti uone majina yameandikwaje. Kama ni ya kimila kasajilini. Wao wanakubali pia watu wanaoishi pamoja bila ndoa ila mthibitishe kama miezi 12 mliyokaa pamoja, na sisi huku nyumba iko kwa jina la baba mkwe, bili ya umeme ni luku, ushahidi utautoa wapi. Cheti ni rahisi zaidi.

Majina sasa, jamani majina. Mtoto wangu wa kwanza, RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa) walimwandika kwa majina mawili, kitambulisho cha NIDA cha baba kina matatu, shuleni wakaweka jina la babu. Tulienda kurekebisha mara tatu. Pasi ya kielektroniki ni 150,000 kila kichwa, hata mtoto anayenyonya ana yake, na pasi inafuata cheti, kwa hiyo ukikosea kwenye cheti kosa linasafiri na wewe mpaka Australia. Kama ni mama unayelea peke yako, baba mtoto lazima aridhie kwa maandishi, kuna fomu namba 1229, au uwe na amri ya mahakama kwamba mtoto ni wako peke yako. Baba aliyepotelea Tunduma miaka sita iliyopita ndo siku hiyo anakuwa mtu muhimu.

Hela. Ada ya maombi ya visa 500 ilikuwa dola 710 za Australia, ikaruka 1,600 Julai 2024, ikaenda 2,000 Julai 2025, na kila anayeongezwa analipiwa ya kwake, na wakikukatalia hairudi. Halafu uonyeshe uwezo wa kuishi mwaka mmoja, mwanafunzi 29,710, mwenza 10,394, kila mtoto 4,449, na mtoto wa umri wa shule ongeza 13,502 ya ada. Baba, mama na watoto wawili bila kugusa shule wala karo ya chuo ni 49,002, kwa reti za sasa inapita milioni sabini. Ukiwa na udhamini kamili barua ya mdhamini inabeba mzigo huo, ndo ilivyokuwa kwetu, tusingeweza. Usidanganywe ukope milioni sabini ziingie akaunti Ijumaa zionekane Jumatatu, wanauliza zimetoka wapi, na mkulima akisema parachichi watataka risiti za mnunuzi.

Vipimo tulifanya ujinga. Tulipanda basi la usiku mpaka Dar na watoto wawili, tunafika kwa daktari anauliza HAP ID iko wapi, hatuijui. Ni namba unayoipata kwenye akaunti ya maombi, bila hiyo hagusi mtu. Na lazima awe daktari waliyemteua wao, hospitali zetu za huku hata kama eksirei ni nzuri hawapokei. Kuanzia miaka 11 eksirei ya kifua, wadogo wa miaka 2 mpaka 10 wanapimwa TB kwa njia nyingine. Tulilala Ubungo kwa rafiki siku mbili tunasubiri mume wangu atafute intaneti.

Bima ya afya inaitwa OSHC, inunuliwe ya familia nzima na muda wote wa visa, maana Medicare, bima ya afya ya serikali yao, mwanafunzi wa Tanzania hapati. Soma kipengele cha ujauzito kabla hujalipa, si baada.

Mizigo. Mama mkwe alipakia ndizi mbivu za Tukuyu, mbegu za mnavu kwenye kitambaa, chai, na kikapu cha Iringa. Ndizi nilizitoa Songwe tukazigawa pale pale. Mbegu sikuziona mpaka natia tiki kwenye ile kadi ya kutangaza vitu uwanja wa ndege wa kule. Nikatangaza vyote. Afisa akachukua mbegu, akageuza kikapu juu chini kutafuta wadudu, akanirudishia na chai yangu, sikulipa kitu. Jirani yetu kwenye foleni alisema hana chakula, mbwa akakaa mbele ya begi lake. Ukitangaza wananyang'anya tu, ukificha ni faini na visa inaweza kuguswa.

Kodi ya nyumba wanahesabu kwa wiki. Ukiona dola 600 usifurahi. Na dhamana ni ya wiki nne kwa kawaida, inakaa kwa mamlaka, sio kwa mwenye nyumba, kwa hiyo piga picha kila ukuta siku unaingia. Mwenza wa mwanafunzi wa masters anafanya kazi bila kikomo cha saa, mwanafunzi mwenyewe saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo. Mwaka wa shule unaanza mwishoni mwa Januari, karibu sawa na huku, watoto hawapotezi mwaka. Ila ada inategemea jimbo, uliza kabla hujachagua chuo, wengi wanachagua chuo kwanza. Mtoto chini ya miaka saba ana kiti chake maalum kwenye gari, hakuna kumpakata kama kwenye kosta. Na walimu wanabanwa na sheria kuripoti wakihisi mtoto anaumizwa, kwa hiyo fimbo ya mti wa mpera iache Uyole.

Binamu shamba hajauza. Mteja alikuja na bahasha yake, akapewa chai, akarudi. Jumatatu anaenda RITA na vyeti vya watoto, wa mwisho hana kabisa, na jana kanitumia meseji anauliza kama mtoto wa kaka yake anayekaa nae tangu darasa la kwanza anaweza kumwandika.