Nilivyojifunza kuyajua mawe ya Swarovski, baada ya kuaibika ukumbini

Gauni lilianza kumwaga mawe kabla bi harusi hajafika kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mkia wa gauni, nikawa nasikia tik, tik, tik kwenye sakafu, kama mtu anachagua mchele anatupa chuya. Watoto wakaanza kuokota. Mmoja akaniletea kiganja kizima: "Shangazi, shanga zako hizi." Nikazipokea huku nacheka. Usiku ule sikulala.

Ilikuwa 2018. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya kushona, mabuibui na magauni ya harusi, hapa Darajani, Zanzibar, na mawe ya kubandika nilikuwa nayachukulia kama vifungo tu. Unanunua pakiti, unapitisha pasi, kazi imekwisha. Muuzaji aliniapia kwamba ni Swarovski orijino, vioo vya kampuni ya Austria, na kweli pakiti ilikuwa na picha ya bata-maji, alama ya kampuni hiyo. Nikaamini bata-maji.

Aliyenifungua macho ni fundi saa wa jirani. Alinipa ile lenzi yake ya kubana jichoni, akaniambia niyapange mawe juu ya karatasi nyeusi, nisiyatazame juu ya nguo. Nikayapanga yale yaliyodondoka, na ubavuni nikaweka sita yaliyonibakia kwa mteja aliyewahi kuja na mawe yake mwenyewe na risiti yake. Mama yangu! Haya ya kwangu yalikuwa kama meno ya mtoto. Duara la juu limekwenda upande, mikato haikutani mahali pamoja, moja nene, jingine jembamba, na pakiti yote imeandikwa SS16, yaani kila jiwe liwe na milimita 4 hivi. Yale sita yalikuwa mapacha. Mkato mkubwa, mkato mdogo, mkubwa, mdogo, vinapokezana kulizunguka jiwe mpaka katikati inatokea nyota, na kingo zake kali.

Nikajiuliza nani huyo anayekata hivi, jiwe la elfu likafanana na la kwanza. Nikaanza kusoma, usiku baada ya kufunga duka, simu mkononi.

Daniel Swarovski alizaliwa 1862 katika milima ya Bohemia, nchi ambayo leo ni Cheki. Kule kukata vioo ndiyo ilikuwa kazi ya vijiji vizima, na baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mkato wa mkono ni jiwe moja moja kwenye gurudumu, na mkono ukichoka jiwe linasema. Mwaka 1883 kijana akaenda Vienna kwenye maonyesho ya kimataifa ya umeme, akarudi na wazo la mashine ya kukata. Lilimchukua miaka. Hataza ya mashine, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiiige, aliipata 1892, na mapacha wangu sita wa karatasi nyeusi ni wajukuu wa mashine hiyo.

Kilichonifurahisha ni alichofanya baadaye. Badala ya kufungua kiwanda kwao, palipojaa mafundi, 1895 alihama na familia, pamoja na shemeji yake Franz Weis na mfanyabiashara Armand Kosmann, wakaenda Wattens, kijiji cha Tyrol huko Austria. Maji ya mlimani yalikuwepo ya kuendesha mitambo, ndiyo, lakini sababu nyingine ilikuwa kuwakimbia waigaji. Mshonaji yeyote wa Darajani anamwelewa. Wiki tatu kabla ya Idi mimi hushona mlango nimeurudisha.

Kioo chenyewe mwanzoni walikuwa wakikinunua kwa wengine. Kuanzia 1908 Daniel na wanawe watatu, Wilhelm, Friedrich na Alfred, walikaa wakijaribu kuyeyusha cha kwao, na kufikia 1913 wakawa wanakitengeneza wenyewe. Vita vya Kwanza vilipokuja mawe ya kusagia yakaadimika, wakatengeneza na hayo, na ndipo 1919 likazaliwa jina Tyrolit, ambalo mafundi wa chuma wanalijua hadi leo. Halafu 1931 wakatoa utepe wenye mawe yaliyokwisha pangwa, wa kushonea moja kwa moja kwenye nguo. Hapo nilisimama kidogo. Kuna mtu kule milimani alimfikiria mwanamke mwenye sindano.

Na ile "AB" tunayoiita dukani, "nipe AB ya samawati", kumbe ni Aurora Borealis, mng'ao wa rangi nyingi walioutoa 1956 wakishirikiana na mbunifu wa mavazi Christian Dior, kazi ya mjukuu Manfred. Mzee Daniel alifariki mwaka huohuo, ana miaka 93. Siku zote mimi nilidhani AB ni daraja la ubora, kama mayai.

Historia haikubandika jiwe hata moja, lakini ilinitia aibu ya kufanya kazi ovyo. Nikarudi kwenye makosa yangu. Satini ya gauni lile ilikuwa na dawa ya kuteleza ambayo gundi haiishiki, na pasi yangu ilikuwa ya mvuke. Siku hizi nakata kipande cha kitambaa kilekile, nabandika mawe matano kwa pasi kavu, nakandamiza kwa sekunde kumi hivi bila kusugua, naacha yapoe kabisa. Kesho yake nakifua, nakikausha, kisha nayachokonoa kwa ukucha. Likitoka hata moja, nabadilisha gundi au namwambia mteja abadilishe kitambaa. Wengine hununa.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka jana. Bibi mmoja mtu mzima alifika kutoka Muscat kumwoza mtoto wa kaka yake, ametia kwenye mkoba pakiti ya mawe imefungwa leso.

"Haya, mwanangu, ni Swarovski ya zamani. Marehemu mume wangu aliniletea 1975. Ni yaleyale ya ile thurea ya Msikiti wa Sultan Qaboos."

Thurea ile, taa kubwa ya kuning'inia, naijua kwa picha, urefu wake mita 14, mawe 600,000, na ni kweli mawe yake ni ya Swarovski, ingawa thurea yenyewe iliundwa na kampuni ya Faustig ya Ujerumani. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye pakiti. Bata-maji yupo, anang'ara. Na kampuni ilianza kutumia bata-maji 1988! Alama yao ya mwanzo ilikuwa ua la milimani, edelweiss.

Sasa unamwambiaje mjane kwamba zawadi ya marehemu si ile aliyoambiwa? Sikumwambia. Nilimwagizia kahawa, nikatandika karatasi nyeusi karibu na dirisha, nikapanga ya kwake kumi na yangu kumi, nikampa lenzi. "Bi mkubwa, nisaidie kutazama, macho yangu yamechoka." Alitazama muda mrefu. Akayachanganya kwa kidole, akayatenga mwenyewe, ishirini yote, hakukosea hata moja.

"Haya ya upande huu ndiyo yangu?"

"Ndiyo, bibi."

Akavua lenzi. Kisha akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Marehemu alikuwa mtu wa bei nafuu. Hata mahari yangu aliomba apunguziwe."

Tatizo la pili likawa nitatoa wapi mawe ya kweli ya kutosha. Mwaka 2021 kampuni iliacha kuwauzia rejareja mafundi wadogo kama sisi. Ndiyo maana anayekuletea mawe mapya ya Swarovski kwa bei ya karanga, mtazame mara mbili. Akiba yangu ilikuwa grosi tatu, mawe 432. Gauni lilitaka zaidi ya elfu.

Tukakubaliana hivi: ya kwangu yakae kifuani na mikononi, mahali kamera inapotazama, na ya marehemu yakae kwenye pindo, karibu na ardhi, kwa gundi ya kubandika baridi niliyoijaribu siku mbili. Bibi mwenyewe alikaa na kibano akinipangia mstari wa mwisho, akinilaumu kila ulipopinda.

Usiku wa harusi nilitembea nyuma ya bi harusi nimetega sikio kuliko macho. Tik, mara moja tu. Kabla sijainama, bibi alikuwa ameshaliokota, amelifunga kwenye ncha ya leso.