Siku mbili Padova kabla ya mkutano wa Trieste

Safari yangu ya kwanza Ulaya niliomba viza ya siku za mkutano peke yake, nikapewa hizohizo. Uwanja wa ndege, ukumbini, uwanja wa ndege. Niliporudi Morogoro watu waliniuliza nimeona nini, nikakosa la kusema. Kwa hiyo barua ya mwaliko ilipokuja kutoka kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kile alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, nilifungua ramani kabla hata ya kuwajibu.

Karibu kila mtu aliniambia niende Venice, maana ndege inatua hapo hapo. Lakini mimi nafundisha fizikia mwaka wa kwanza, na kila muhula nasimulia jinsi Galileo alivyoelekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita), Januari 1610, akaona vinukta vinavyoizunguka. Alikuwa mji wa Padova usiku ule. Alifundisha pale miaka 18, na uzeeni aliikumbuka kuwa miaka bora ya maisha yake. Na kutoka stesheni ya Mestre, jirani na Venice, Padova ni kama nusu saa kwa treni. Sikuwa na haja ya kufikiri zaidi.

Mkuu wa idara alishauri niende baada ya mkutano, nikiwa nimeshamaliza kazi. Nilimwomba aniruhusu niende kabla. Ndege ikichelewa, au sanduku likipotea njiani, bora likukute ukiwa na siku mbili mkononi kuliko usiku wa kuamkia wasilisho lako. Aliniandikia ruhusa ya siku moja ya likizo, Ijumaa, na mimi nikaandika wazi kwamba malazi ya Padova ni juu yangu, hayahusiani na posho.

Viza ndiyo iliyonichukua muda, na hapa nawaomba wenzangu mnisikilize. Barua ya wenyeji inataja tarehe za mkutano tu. Ukiipeleka peke yake, umejifungia mlango mwenyewe. Kaka mmoja wa idara ya kemia aliyewahi kukataliwa aliniambia, "Dada, karatasi zako zote ziseme hadithi moja." Basi fomu, tiketi ya ndege, bima ya safari (Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wanataka isiyopungua euro 30,000), barua ya likizo na malazi ya kila usiku, vyote nilivilinganisha tarehe kwa tarehe. Nikaongeza ukurasa mmoja nilioandika mwenyewe: Ijumaa na Jumamosi Padova, hoteli hii, kwa gharama yangu, Jumapili treni kwenda Trieste. Nikapanda SGR kwenda Dar kupeleka maombi, na viza ikatoka na siku zote nilizoomba.

Padova nilihifadhi mapema kitu kimoja tu, Kanisa la Scrovegni lenye michoro ya kale ukutani, kwa sababu bila nafasi ya mapema unaweza kuishia mlangoni. Malipo yalikataliwa mara tatu. Kumbe kadi yangu haikuwa imefunguliwa kwa manunuzi ya nje. Ikabidi niende tawini kujaza fomu. Fanya hilo wiki kadhaa kabla, siyo usiku wa kuamkia safari. Tiketi yangu iliandikwa 10:00, nikaandika kwa kalamu nyekundu pembeni: saa nne asubuhi. Uchovu wa safari usikudanganye.

Kabla ya kuingia unaketishwa dakika 15 kwenye chumba cha vioo, hewa itulie, unyevu wa miili usiharibu michoro. Kisha mlango unafunguliwa na unapewa dakika 15 nyingine ndani. Dari ni buluu yote, imejaa nyota za dhahabu. Mchoraji Giotto aliimaliza kazi hii mnamo 1305. Nilikwenda moja kwa moja kwenye picha ya mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, kwa sababu juu ya banda hakuchora nyota ya kawaida. Alichora nyotamkia, yaani kometi, nyekundu kama kaa la moto. Nyotamkia ya Halley ilikuwa imeonekana mwaka 1301, na wengi wanaamini ndiyo aliyoiona. Ndiyo maana chombo cha anga cha Ulaya kilichopita karibu na Halley mwaka 1986 kiliitwa Giotto. Nilisimama pale shingo imeinuka, machozi yakinilenga, mpaka mlinzi akatuashiria tutoke.

Mchana niliingia Palazzo Bo, jengo kongwe la chuo kikuu. Wanaonyesha jukwaa la mbao linalosemekana kuwa la Galileo, na ukumbi wa kupasulia maiti wa mwaka 1595, mwembamba kama faneli, ngazi sita za kusimama wanafunzi. Lakini nilikaa zaidi kwenye sanamu ya Elena Cornaro Piscopia, aliyepata shahada ya udaktari wa falsafa hapo mwaka 1678, mwanamke wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo. Nilimpigia picha kwa ajili ya mabinti wa darasa langu. Wako wanne kati ya wanafunzi hamsini na mbili.

Mambo madogo: hoteli hudai kodi ya mgeni juu ya bei uliyolipa, uwe na euro za sarafu. Na tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda.

Jumapili nilibadilisha treni Mestre. Kaa upande wa kulia. Ukishapita Monfalcone, miti inaachia ghafla na bahari ya Adriatiki inatokea chini kabisa ya mwamba. Niliteremka Trieste saa tisa alasiri, bango langu likiwa kwenye bomba lake begani, usingizi umeisha, na mkutano bado haujaanza.