Usikimbie, Mwalimu

Tangu mwanariadha wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, binti yangu ameamua kwamba na yeye ni mwanariadha. Tunatoka alfajiri, yeye mbele na simu inayompimia kilomita, mimi nyuma na pumzi za kukopa. Juzi akasimama ghafla akanigeukia.

"Baba, hivi kwa nini kila tukikaribia kona unapiga makofi?"

Sikuwa najua kwamba bado napiga. Kona za mtaani kwetu zina kijiwe cha bodaboda, mama wa vitumbua na mbwa mmoja mvivu. Nikamwambia ni mazoezi ya mabega. Akaniamini nusu.

Mliokuwa nami miaka ile nikifundisha Msolwa, bonde la Kilombero, mnaijua njia yangu. Kutoka nyumba za walimu, unavuka reli ya TAZARA, unaingia kwenye miwa, unatokea pembeni mwa msitu wa Magombera, unaufuata ukingo wake kisha unarudi kwa kupita katikati ya mashamba ya mpunga. Tambarare tupu. Milima ya Udzungwa inakusindikiza upande wa magharibi mwanzo hadi mwisho, na huipandi hata hatua moja. Wanasema mkimbiaji hufundwa na mlima, na sina la kubisha: Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa zamani, ni wa Karatu, Simbu wa Singida, na sisi wa bonde la Kilombero tumelipatia taifa mchele na sukari. Lakini tambarare nayo ina mateso yake. Mlima unauona unapoishia. Kwenye barabara ya miwa, yule mtu wa baiskeli aliye mbele yako anabaki mdogo vilevile, unakimbia weee, hakui.

Tena miwa ya Mei si ya mchezo. Imekupita urefu, imesimama pande zote mbili, na barabara zimekatwa mraba mraba kiasi kwamba huoni kilicho nyuma ya kona mpaka uwe umeshakikanyaga. Baadaye, msimu wa mavuno ukianza, wanachoma na kukata, nchi inafunguka, na masizi yanashuka kama mvua nyeusi juu ya mashati meupe ya shule uliyoanika. Kila mtu hulalamika kuhusu masizi. Mimi nilikuwa nayashukuru, kwa sababu yalimaanisha sasa naona mbele.

Msitu wenyewe wakati ule ulikuwa haujapata ulinzi wa maana. Ulikatwa sana mbao enzi za ujenzi wa reli, na baadaye kukawa na mazungumzo yasiyokwisha ya kuugeuza nao kuwa miwa. Ndimo alimopatikana yule kinyonga wa aina mpya aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 2009, baada ya nyoka kumtema mbele ya mtafiti. (Nilikuwa nawasimulia wanafunzi habari hiyo kila mwaka. Wao walitaka kujua tu kama nyoka alipewa kingine.)

Basi. Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2014, mpunga umeiva, ukungu umelala chini. Nilishamaliza ukingo wa msitu, nimekata kona, niko kwenye kinjia chembamba: mpunga kushoto, miwa kulia. Nikaona matope yamechimbika. Mashimo ya duara, upana wa sinia, yamepangana kukatiza njia. Nyayo za tembo nilishaziona mara nyingi, zimekauka, watoto wanazitumia kuchezea kombolela. Hizi zilikuwa bado zinaingia maji. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ukingoni kwenda chini, taratibu, naona kabisa. Hatua mbili mbele kulikuwa na kinyesi kinachofuka moshi, na ndani yake punje za mpunga nzima nzima na makapi ya miwa.

"Usikimbie, mwalimu."

Sauti ilitoka juu. Sikuwa nimeliona dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga. Bibi mmoja alikuwa amekaa kule juu, kanga begani, tochi imefungwa kwa mpira wa baiskeli, mkono mmoja umeshika kamba. Kamba ile ilitoka kwenye dungu ikapita juu ya mpunga hadi kwenye mti, imefungwa makopo na vipande vya debe. Hakupaza sauti. Alisema vile ambavyo ungemwambia mtu kwamba chai ni ya moto.

"Wala usigeuke."

Ndipo nikasikia. Kulia kwangu, ndani ya miwa, kitu kilivunja muwa. Ka! Kisha kimya. Kisha kutafuna, kwa nafasi, bila haraka yoyote, mpaka unasikia maji ya muwa yanavyonyonywa. Ka! tena. Sikuona sikio, sikuona mkonga, mpaka leo sikuona kitu. Niliona ncha za miwa tu zikitikisika, hapo hapo, pengine hatua kumi. Nikanusa tope na majani yaliyotafunwa. Kisha ukaja ule mngurumo wa tumbo, ambao sikuusikia kwa masikio bali niliupata kifuani. Halafu ncha zikatulia, kutafuna kukakoma. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana anayekula ana shughuli yake, lakini aliyeacha kula amesikia kitu.

Akili ya binadamu ni kitu cha ajabu. Nilikuwa nafikiria kamba ya raba yangu iliyofunguka. Nilikuwa nafikiria kwamba nikifa nimevaa bukta iliyochanika, mkuu wa shule atakuja kutambua mwili. Na nilikuwa nautazama ule mkono wa bibi juu ya kamba ya makopo, nikimwomba kimoyomoyo avute. Havuti.

"Hujaniamkia," akasema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Endelea kuongea, ila taratibu. Mwache ajue kwamba ni mtu, na ajue uko wapi."

Tukaongea. Akaniuliza bei ya gunia la mpunga kule barabarani, nikamwambia. Akasema wanunuzi ni wezi, nikakubali. Akaniuliza michango ya shule ya mjukuu wake imepanda kwa nini, na mimi, nimesimama kwa mguu mmoja na nusu, jasho linaniingia machoni, nikaeleza habari ya dawati na mlinzi kwa ufasaha ambao kwenye kikao cha wazazi sijawahi kuupata. Katikati ya maelezo ncha za miwa zikaanza tena kutikisika, lakini sasa zinakwenda upande wa reli, upande wa milima. Kumbe hawakuwa mmoja. Mstari mzima wa miwa ulikuwa unapinda na kunyooka. Walipofika mbali ndipo akavuta kamba, makopo yakalia mashamba yote, na kutoka madungu mengine watu wakaanza kupiga mayowe na madebe.

Alishuka. Nikamuuliza kwa nini hakuvuta mapema. Akasema tembo ukimshtua karibu hukimbilia palipo wazi, na palipo wazi ulikuwepo wewe.

Pembe moja ya shamba lake ilikuwa imelala chini, mpunga umesagwa ndani ya tope. Uzio wa kamba aliouviringishia matambara ya oili chafu na pilipili ulikuwa umekatika, bado unanuka. Alikuwa macho tangu isha. Aliokota suke moja, akalipukuchua kiganjani, akahesabu kilichobaki kwa macho, akanitazama kuanzia raba hadi bukta.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nafanya mazoezi, bibi."

"Mazoezi," akasema. Hakuongeza neno. Nimewahi kusemwa vibaya na watu wenye vyeo, lakini sijawahi kujibiwa hivyo. Kisha akaniagiza: kuanzia leo, kabla ya kila kona, piga makofi. Usiwakute wanashangaa.

Nikapiga mpaka nilipohamishwa. Kama makofi yanamzuia tembo, sina ushahidi. Kuna waliotundika mizinga ya nyuki kwenye nyaya kuzunguka mashamba, na hiyo angalau ina mantiki, maana tembo huwaogopa nyuki.

Lililobaki ni la karatasi. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, niliandika barua ya bibi ya kuomba kifuta jasho, ile pole ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori. Kwa kanuni za mwaka 2011, kadiri shamba lilivyokuwa karibu na hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua, na lililokuwa ndani ya nusu kilomita halikupata kitu. Nikauliza tupime kutoka wapi. Magombera ilikuwa pale pale, unaweza kuirushia jiwe, lakini wakati ule tulichokuwa tunakiita hifadhi ni Udzungwa, ng'ambo ya reli na barabara. Tukapima kutoka Udzungwa. Umbali ukatosha. Uhamisho wangu ulitoka kabla ya majibu.

Mwaka 2019 Magombera ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Nilifurahi kweli, mimi niliyekuwa nakimbia pale bure miaka yote ile nikitazamwa na mbega wekundu. Nikampigia bibi kwa simu ya mjukuu wake kumpa habari, kana kwamba yeye ndiye anayeishi mbali.

"Kwa hiyo mpaka umefika jikoni kwangu," akasema.

"Ndiyo, lakini msitu hautageuzwa miwa tena, bibi."

"Hilo jema. Mvua zinatoka humo." Akanyamaza kidogo. "Na ile nusu kilomita yenu, sasa wataanzia wapi kupima?"

Nikamwambia nitamuuliza mtu anayejua sheria.

"Muulize. Ila mwambie aje mwenyewe apime kwa miguu. Na aje Mei."