Upepo Uingie, Upate na pa Kutokea

Nimerudi Lamu baada ya miaka 16 ya kuishi Muscat, na kabla hata sijamaliza kuwazungukia jamaa, nilimfunulia fundi ramani ya nyumba niliyochorewa huko ughaibuni, yenye sebule ya ukuta mzima wa kioo unaoelekea magharibi, ili bustani ionekane wakati wote. Mzee aliitazama kwa kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, upepo utatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka katika fleti ambayo madirisha yake hayafunguliwi msimu mzima wa joto, kiyoyozi kikinguruma usiku kucha na vioo vikitoka jasho kwa nje alfajiri. Miti niliiona kila siku, lakini majani yake sikuyasikia.

Nyumba niliyozaliwa, ndani ya Mji wa Kale, haina dirisha kubwa la kutazama njiani. Ukivuka daka, kibaraza cha mlangoni, unaingia kiwanda, uwanja wa ndani usioezekwa, na nyuma yake kuna vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazivuki upana unaozidi sana mita 3. Mvua ikinyesha, unaisikia na kuinusa ukiwa umekaa kitako ndani. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewa kupata moto, na hewa ya joto hupanda kupitia kiwanda ikavuta nyingine kutoka vichochoro vyenye kivuli.

Kujenga vile vile sikuweza, maana kuta za namna hiyo zimeushinda mfuko wangu. Tulichofanya ni kuigeuza ramani: magharibi pamebaki ukuta mtupu, na tofali za matundu zimepangwa hadi karibu na dari upande wa kaskazini mashariki, unakotoka upepo wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na upande wa kusini, kwa ajili ya upepo wa kusi. Mwarobaini ambao mchoraji aliupitishia sebule juu yake sasa umo katikati ya kiwanda chetu. Mke wangu anasema tutafagia majani na mchanga kila asubuhi, na ni kweli tutafagia.

Makuti bado hayajapanda. Fundi anataka paa lenye mwinuko mkali, kwani makuti yaliyolala hukaa na maji yakaoza upesi. Jana tulipokuwa tukila, ramani ilipeperuka kutoka sebuleni ikaenda kunasa kwenye matundu ya upande wa pili.