Hukumu ya Arusha ikishatolewa, nani huitekeleza?

Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu yake ya kwanza iliyogusa kiini cha madai, na mlalamikiwa alikuwa mwenyeji wake, Tanzania. Mchungaji Christopher Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walilalamika kwamba Katiba inamlazimisha raia kujiunga na chama cha siasa ndipo aruhusiwe kugombea urais, ubunge au udiwani. Mahakama ilikubaliana nao na kuiagiza serikali ifanye marekebisho ndani ya muda unaofaa. Tangu hapo tumekuwa na uchaguzi mkuu wa 2015, wa 2020 na wa 2025, na katika zote tatu hapakuwa na mgombea binafsi hata mmoja. Mtikila mwenyewe alifariki katika ajali ya gari wiki tatu kabla ya ule wa 2015.

Mtu anayeamini kuwa sheria ya kimataifa ni karatasi tupu atasema hahitaji ushahidi mwingine. Mimi simfuati mpaka huko, ingawa nakiri kwamba muundo wenyewe unampa hoja. Mahakama hiyo iliundwa kwa Itifaki iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2004. Ina majaji 11, lakini haina askari wala dalali wa kukamata mali za serikali iliyokaidi. Kinachobaki ni taarifa ya kila mwaka kwa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, inayozitaja nchi ambazo hazijatekeleza hukumu. Adhabu kubwa, basi, ni kutajwa mbele ya wenzako, ambao baadhi yao nao wamo katika orodha hiyohiyo.

Hata hivyo zipo hukumu zilizozaa matunda, na inafaa kuchunguza ni kwa nini. Desemba 2014 Mahakama iliamua kwamba Burkina Faso ilikiuka uhuru wa kujieleza ilipomfunga miezi 12 mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté kwa kosa la kukashifu. Mwaka uliofuata nchi hiyo iliondoa kifungo cha gerezani kwa kosa hilo katika sheria zake za habari. Lakini tukumbuke kwamba Oktoba 2014, wiki chache kabla ya hukumu, wananchi walikuwa wameingia mitaani na kumwondoa Rais Blaise Compaoré. Hukumu ilizikuta mamlaka mpya zilizotaka kujitenga na mambo ya zamani, ikazipa sababu ya kufanya haraka jambo ambalo pengine lingesubiri miaka. Na tangu mapinduzi ya kijeshi ya 2022, waandishi wa nchi hiyohiyo wamekuwa wakikamatwa tena, maana jeshi likitaka kumnyamazisha mtu halina haja ya kifungu cha kashfa.

Hukumu huzaa pale walioko nyumbani wanapoitaka, na adhabu ya kifo inaonyesha jambo hilihili kwa upande wa pili. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la wafungwa waliohukumiwa kunyongwa nchini Tanzania, Mahakama iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kwa kila kosa la kuua kwa kukusudia, bila kumpa nafasi ya kupima mazingira ya kosa na hali ya mshtakiwa, inakiuka haki ya kuishi. Uganda ilikwisha kuufuta ulazima huo mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, nako hakukuwa na amri yoyote kutoka Arusha: ni Mahakama za Juu za nchi hizo zilizofikia uamuzi huo kwa kusoma katiba zao. Hoja ilikuwa ileile, ila imefika mbali zaidi pale ilipotamkwa na majaji wa nyumbani.

Hukumu hiyo ya Novemba 2019 ilitolewa wiki moja baada ya Tanzania kuwasilisha hati ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuipeleka nchi moja kwa moja mbele ya Mahakama. Haikuwa peke yake: Rwanda ilitangulia mwaka 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020, na Tunisia mwaka 2025, kati ya nchi 12 tu zilizowahi kutoa tamko hilo. Naona katika kujitoa huku ushahidi ambao wenye kubeza huuruka, kwani serikali haijisumbui kufunga mlango usiopitwa na mtu. Kwa upande wa Tanzania waliopita humo wengi walikuwa wafungwa wa kawaida, watu wasio na chama wala jina, waliolalamika kuwa walihukumiwa vifungo virefu bila wakili. Mahakama iliwapa haki baadhi yao mara kadhaa, na mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sidai kwamba hukumu hizo ndizo pekee zilizoileta, ila zilikuwepo mezani.

Tanzania bado imo katika Itifaki, kwa hiyo njia iliyobaki kwa raia wake ni kupeleka malalamiko kwa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo ikiona inafaa inaweza kulifikisha shauri Mahakamani. Ndiyo njia waliyopita Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, kwa kuwa nchi hiyo haijawahi kutoa tamko. Walipewa ilani ya kuhama Oktoba 2009. Hukumu ya kutambua haki yao juu ya ardhi ya mababu ilitolewa Mei 2017, na amri ya fidia, zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya pamoja na hatimiliki ya jamii, ikatolewa Juni 2022. Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zikibomolewa nyumba zao katika msitu uleule.