Nakula saa mbili usiku, kifuani

Mama akinipigia simu kutoka Mombasa, hata hali hajaniuliza: "Umekula, mwanangu?" Mwaka wa kwanza swali hilo lilikuwa likiniliza. Siku hizi namjibu, "Nakula saa mbili usiku, mama," naye anacheka.

Mwaka 2019 utumbo wangu mwembamba ulijisokota, damu ikakosa njia, sehemu kubwa ikafa. Madaktari hapa Leicester, Uingereza, wakaikata, wakaniachia sentimita 60 hivi, na mtu mzima huwa na mita kama 6. Nikila pilau, inapita tu. Basi nalishwa kwa mshipa: mpira laini umeingia kifuani, ukapita chini ya ngozi hadi mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Usiku tano kwa wiki naungwa na mfuko wa lita mbili na nusu, kwa saa 12. Rangi yake kama maziwa, kwa ajili ya mafuta; ndani mna sukari, amino asidi, chumvi na vitamini. Mifuko hiyo ina friji yake, nyuzi 2 hadi 8, na humo haiingii hata ndimu. Mume wangu aliwahi kupenyeza soda. Hajarudia.

Kazi yenyewe ni usafi. Nafunga dirisha, nazima feni, namtoa paka. Nanawa, navaa glovu, kisha nasugua kichwa cha mpira kwa kitambaa chenye spiriti na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, huku nahesabu hadi 30. Halafu nangoja kikauke chenyewe, bila kukipuliza. Mwanzoni hapo ndipo nilipokuwa nikiharakisha, na hapo ndipo dawa inapofanya kazi. Nasukuma maji ya chumvi mililita 10 kwa bomba la sindano, naunga, nawasha pampu. Zamani ilinichukua saa nzima, mikono ikinitetemeka. Sasa dakika ishirini.

Usiku mmoja mlango uligongwa katikati ya shughuli. Nikafungua, nikarudi nikaendelea bila kunawa upya. Siapi kwamba ndiyo sababu, ila siku chache baadaye, nusu saa tu tangu pampu ianze, meno yakaanza kugongana. Nikameza Panadol nikajifunika blanketi, mpira bado umeungwa! Kulipokucha homa ilikuwa 39.6, bakteria wameingia kwenye damu, nikalazwa wiki mbili. Siku hizi nikitetemeka hivyo nazima pampu, nafunga klipu, naenda hospitali usiku huohuo, hata kama ni saa tisa na mvua inanyesha.

Kuamka kukojoa mara nne, pampu begani, nimezoea. Ramadhani ndiyo iliyokuwa ngumu. Wanazuoni wengi wanasema lishe ya mshipani inafunguza, kwa hiyo sifungi, natoa fidia ya kulisha maskini. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikijificha chumbani wakati wa futari, nikisikia vijiko. Wifi yangu akaja mlangoni: "Wifi, toka huko, nani atatuambia kama tambi zimekolea sukari?"

Nikatoka. Sasa nakaa nao mkekani, nala kaimati mbili kwa ajili ya ulimi tu, nawakosoa iliki. Ikifika saa mbili wao wanaondoka kwenda tarawehe, mimi naenda kunawa mikono.